Kurekodi akogo nyumbani kwa mashine ya traki nane

Ukiwa na wimbo hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, na unataka urekodiwe, ushauri utakaoupata kwa kila mtu ni uleule: nenda Kampala. Ni karibu kilomita 200 kupitia Bugiri, Iganga na Jinja. Ukishuka unatafuta studio, unalipia saa, na kabla hujakaa vizuri kwenye kiti prodyuza keshakuwekea biti. Kwa kijana anayeimba muziki wa siku hizi hiyo ni njia nzuri, na nimewasindikiza kadhaa. Kwa mpiga akogo, chombo cha ndimi za chuma, mambo ni mengine. Nimekaa kwenye kona ya studio nikimsikiliza mzee mmoja akiambiwa apandishe kidogo sauti mbili za akogo yake ili zikubaliane na kibodi, kisha akaambiwa apige polepole afuate kliki, ule mlio wa kuhesabia mwendo. Akatii, maana ni mtu mpole na saa ilikuwa inakwenda. Wimbo uliotoka ulikuwa safi. Watu wa kijijini kwake waliusikiliza kwa heshima, na hakuna hata mmoja aliyeinuka kucheza.

Akogo ni chombo cha Wateso: kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma zinazochezwa kwa vidole gumba. Msomaji wa Dodoma atamtambua ndugu yake, ilimba ya Wagogo. Hapa kwetu Wateso wako pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo katika kundi moja la wapigaji utamkuta mwenye kitambulisho cha Uganda na mwenye cha Kenya, na lugha wanayobishania nauli ya boda ni Kiswahili. Mimi mchana ni wakala wa forodha, nashinda na makaratasi ya malori. Gitaa nimelipiga tangu sekondari. Kurekodi nyumbani nilikuanza kwa ajili ya watu hawa, na mengi ninayoyajua kuhusu kurekodi nimeyajulia kwao.

Mashine ninayotumia ni Zoom R8, niliyoinunua mkononi kwa mpiga kibodi wa kanisa aliyehamia kwenye kompyuta. Inaingia kwenye begi la shule. Ina traki nane, yaani sauti nane zilizorekodiwa kila moja mahali pake lakini zinasikika pamoja, na yoyote kati ya hizo unaweza kuipandisha, kuishusha, kuizima au kuifuta bila kuzigusa zile saba. Ila kwa wakati mmoja inarekodi mbili tu, kwa sababu matundu ya kuingizia maiki ni mawili. Inahifadhi kwenye kadi ya SD ya hadi GB 32, na inaendeshwa kwa betri nne ndogo za AA au kwa waya wa USB.

Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ya Japani ilitoa Portastudio 144, iliyompa mtu wa nyumbani traki nne kwenye kaseti ya dukani. Kaseti ya kawaida ina upande A na upande B, na kila upande una njia mbili za stereo. Wao walizitumia njia zote nne kuelekea upande mmoja, tena wakauendesha mkanda kwa kasi maradufu ili sauti iwe bora. Kaseti ya dakika 60 ikawa inakupa dakika 15. Kila nikifikiria hesabu hiyo naona jinsi mtu wa wakati ule alivyolazimika kujua anataka nini kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi. Mashine yangu ni mtoto wa ile, na tundu mbili zake zinanilazimisha vivyo hivyo.

Vijana huniuliza kwa nini nisitumie simu. Programu za traki nyingi zipo kwenye simu, ni kweli, na mtu anayetunga peke yake chumbani zinamtosha. Lakini simu huita katikati ya ubeti. Nyingi za bei yetu zinachelewesha sauti kidogo kati ya unachoimba na unachosikia kwenye hedifoni, na kucheleweshwa huko, hata kuwe kudogo vipi, kunamvuruga mpigaji wa ngoma kabisa. Tena kuna jambo ambalo ni vigumu kulieleza kwa mtu ambaye hajakaa mbele ya mzee anayeimba. Kompyuta na simu vinakutaka uvitazame. Mashine hii nimeshaizoea kwa vidole, nabonyeza gizani, na macho yangu yanabaki kwa anayeimba. Mzee akiona unamtazama, anakuimbia wewe. Ukiinamia kioo, anaimba kama mtu anayesubiri zamu yake hospitalini.

Kuhusu umeme nitasema machache, kila mtu Uganda anaujua. Betri za kuchaji zinazoshika chaji vizuri ndizo mkombozi, seti mbili, moja ndani ya mashine na nyingine mfukoni. Pawabenki nayo inafaa kwa kuwa mashine inakubali USB, ila ijaribu kwanza: kuna pawabenki zinazoingiza mlio mwembamba kwenye rekodi, unaousikia wimbo ukinyamaza. Maiki za kondensa zinazohitaji mashine izipelekee volti 48 zinakula betri haraka sana. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu zinasikia kila jogoo wa mtaa, mimi hutumia maiki za kawaida za kuimbia, zile ngumu za jukwaani.

Mahali pa kurekodia ndipo nilipojifunza mengi zaidi. Nyumba yangu ni ya matofali na mabati, si mbali na barabara kuu. Malori yanayosubiri kuvuka mpaka hayazimi injini, na mngurumo wake unapita ukutani usiku kucha. Unaweza kuzipunguza sauti za chini kwenye mashine, na kwenye sauti ya mwimbaji hazikosekani sana, lakini ngoma kubwa iko hukohuko chini pamoja na malori. Mvua ikinyesha juu ya mabati, funga begi ukalale. Chumba changu cha kulala nimekitia magodoro kwenye kuta mbili na nguo nzito zimetundikwa kwenye ya tatu, na kwa sauti ya mtu mmoja kinatosha. Ndani yake sauti inakuwa kavu, karibu, unasikia hadi mate.

Akogo ndani ya chumba kile ilikufa. Ikasikika ndogo, kisanduku kitupu. Mzee mwenyewe, yule wa studio ya Kampala, ndiye aliyesema, bila kunung'unika, kwamba kwao akogo hupigwa mle inamopigwa. Basi nikabeba begi tukaenda kwake, nje ya mji, mbali na lami. Nyumba aliyotukaribisha ni ya mviringo, ya udongo, imeezekwa nyasi. Nilipopiga kofi moja katikati yake nilisimama nikacheka kwa furaha. Hakuna mwangwi wa kurudi na kurudi kama kwenye chumba cha kuta nne zinazotazamana, na paa la nyasi linameza ukali wote wa juu. Sakafu iliyosiribwa vizuri inarudisha joto kidogo la chini, ambalo ndilo akogo inalitaka. Mchana ule ilinyesha, mvua ya kweli ya mwezi wa Aprili, na tuliendelea kurekodi. Nyasi hazipigi kelele. Watu wanatumia mamilioni ya shilingi kutafuta chumba chenye tabia hiyo, na wengi wetu tunacho kijijini na tunakiona ni cha kizamani, tunangoja fedha ya mabati. Simlaumu anayetaka mabati, nyasi zina kazi nyingi na zinaungua. Nasema tu kwamba kabla hujaibomoa ile ya babu, ingia na chombo chako, upige wimbo mmoja.

Mzee anaimba huku akipiga, na huwezi kumtenganisha. Ukimwambia apige kwanza, aimbe baadaye juu yake, vidole vinasahau njia, kwa sababu ubeti ndio unaomwambia kidole gumba lini kigeuke. Kwa hiyo tundu zote mbili za mashine zinakwenda kwake: maiki moja ya mdomo, moja ya akogo. Shida ni kwamba kila maiki inasikia yote mawili. Maiki za kuimbia zinasikia mbele na ni viziwi nyuma, basi tunautumia uziwi huo. Maiki ya mdomo naiweka chini kidogo ya kidevu ikitazama juu, hivyo kisogo chake kinaielekea akogo iliyo mapajani. Ya akogo naiweka juu ya kisanduku ikitazama chini, karibu kabisa, na kisogo chake kinaelekea mdomo. Kanuni moja ya mafundi imenisaidia mno: umbali kati ya maiki mbili uwe angalau mara tatu ya umbali kati ya kila maiki na kile inachokirekodi. Ukibana chini ya hapo, sauti inayofika kwenye maiki mbili kwa nyakati tofauti kidogo inajila yenyewe, na mwimbaji anasikika kama anaimbia ndani ya mtungi.

Ndimi za akogo ya mzee huyu zimevishwa pete ndogo za waya, zinazotoa mvumo wa kukwaruza kila ulimi unapoguswa. Studio ya Kampala waliuona mvumo huo kuwa uchafu wakausafisha. Mimi nauacha. Ninachopunguza ni mlio wa kucha kwenye chuma, na huo unapungua ukiigeuza maiki kutoka kwenye vidole kuelekea tundu la kisanduku, kwa upana wa vidole viwili tu. Geuza, sikiliza, geuza. Halafu mwombe mpigaji avue bangili na saa.

Kiwango cha kuingiza sauti hupimwa kwa ubeti wenye nguvu kuliko yote. Mtu ukimwambia "jaribu sauti" atakuimbia kwa adabu, na damu ikichemka kwenye wimbo wenyewe atapita pale mara mbili. Namwomba aimbe ule mwito wa kuwaita wachezaji, ule anaoutoa kifuani, ndipo napanga mshale usivuke desibeli −12 hivi. Nikirekodi kwa biti 24, kiwango kinachobeba hata sauti ndogo kwa usafi, nafasi iliyobaki juu haipunguzi ubora wowote wa kusikika, na sauti ikipasuka kwenye mashine ya dijitali hakuna dawa.

Sasa tuning, yaani kupanga sauti za chombo. Akogo hii ina sauti tano katika mzunguko wake, na hizo tano hazilingani na kibodi yoyote. Mzee huziweka kwa sikio, anausukuma ulimi mbele au nyuma chini ya kibanio mpaka aridhike, na akisharidhika ziko pale kwa mwezi mzima. Ni sahihi. Wimbo umetungwa ndani ya nafasi hizo. Kwa hiyo gitaa ndilo linalopaswa kusogea. Nalegeza nyuzi zote, kisha nautafutia kila uzi ulimi wake. Sauti mbili zinapokaribiana bila kukutana utasikia mtetemo unaopanda na kushuka, wa haraka kwanza, halafu wa polepole, halafu unatulia kabisa. Pale unapotulia ndipo mahali pake. Kipimio cha tuning kilichomo kwenye mashine nakizima, maana kitakuambia uko nje kila wakati. Mikanda ya gitaa, vile vyuma vya shingoni, haisogei, basi noti nyingine ukizibana hazitakubaliana na akogo hata ufanyeje, na hizo sizigusi. Nabaki na nyuzi wazi na sehemu chache za kubana nilizozihakiki. Gitaa langu limekuwa na maneno machache kuliko zamani, na kila nikilisikiliza kwenye rekodi za mzee nalipenda zaidi.

Kuhusu kasi, mashine ina metronomu nzuri, na kwa nyimbo zangu mwenyewe naitumia. Siku niliyomwekea mzee kliki kwenye hedifoni alipiga kidogo, akaivua, akaniuliza, "Mwanangu, hiki kitu kinanisubiri au kinanikimbiza?" Swali la haki. Wimbo wake unaanza kwa utulivu wa mtu anayesalimia, na ukifika mwisho umekaza mwendo wazi kabisa, na kukaza huko ndiko kunakowainua watu vitini. Ukiufunga kwa kliki umeukata miguu. Kwa hiyo traki zake mbili ndizo msingi, zinarekodiwa kwanza, huru, na kila kitu kingine kinamfuata. Ili wengine wajue pa kuingilia, anapiga makofi manne kabla ya kuanza, kwa mwendo uleule atakaoanza nao. Makofi yanabaki kwenye rekodi mpaka mwisho wa kazi ndipo yanakatwa. Mpiga ngoma akirekodi baadaye anavaa hedifoni, anayasikia makofi, anaingia na mzee wake kama vile yuko naye chumbani, na mzee akikaza naye anakaza, kwa sababu wamepiga pamoja harusi na matanga ya miaka mingi.

Hapo lazima niseme nisichokubaliana nacho kwa watu wa studio kubwa, wanaorekodi kila mtu peke yake kwa kuwa wana traki nyingi za kutosha. Traki ni nafasi. Hazikulazimishi kuwatenganisha watu. Wapigaji wawili wa akogo wanaopokezana, mmoja anaacha pengo na mwenzake analijaza, hao nawaketisha magoti yakikaribiana na kuwarekodi kwa pamoja, maiki moja kwa kila mmoja, hata kama kila maiki inaiba kidogo ya jirani. Wanaitikiana kwa macho, na macho hayapiti kwenye hedifoni. Waliotangulia walilijua hili bila traki hata moja ya ziada. Hugh Tracey alipopita Uganda mwaka 1950 na 1952 akirekodi muziki wa makabila, alikuwa akishika maikrofoni kwa mkono wake na kuisogeza kati ya wapigaji. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda kati ya 1948 na 1957, naye alizunguka nchi akinasa. Watu walipiga pamoja, mrekodi akisimama kati yao.

Waitikiaji wetu ni akina mama wa kikundi cha akiba, wanaokutana kila wiki kuhesabu fedha na hawamalizi bila kuimba. Hedifoni nzuri, zile zinazofunika sikio lote, ninazo chache, nao ni wengi. Ukifungulia spika wasikie, sauti ya mzee inatoka kwenye spika na kuingia tena kwenye maiki, na hapo huwezi kuidhibiti. Tunafanya hivi: kiongozi wao anavaa hedifoni sikio moja, sikio la pili liko wazi kwa wenzake, na yeye ndiye anayewaingiza kwa mkono. Wengine wanamwimbia yeye. Wanasimama nusu duara mbele ya maiki moja, na mama mwenye sauti ya kupasua anga anarudi nyuma hatua tatu. Siku ya kwanza niliogopa kumwambia arudi, kwa heshima, na kiongozi akanimaliza kazi: "Dada, rudi hapo mlangoni, mashine inakuogopa." Kila mtu akacheka, naye akaimba kutoka mlangoni kwa furaha hadi mwisho. Tukisharekodi mara ya kwanza, wanabadilishana nafasi na kurudia kiitikio chote kwenye traki nyingine. Watu nane wanasikika kijiji kizima, na kwa kuwa wamebadilishana nafasi, sauti zile mbili hazifanani sana hata zikazibana.

Hesabu ya traki inakwenda hivi. Mzee kachukua mbili, akogo ya pili moja, ngoma moja, zimebaki nne, na kiitikio tukikirekodi mara nne kinazijaza. Gitaa litakaa wapi? Hapo mashine inakuruhusu kuziunganisha zile nne za kiitikio ziwe mbili, kushoto na kulia, na traki mbili zinarudi huru. Uamuzi huo ni mzito, kwa kuwa ukishaunganisha huwezi tena kushusha rudio moja la kiitikio peke yake. Kabla ya kuunganisha nanakili mradi mzima kwenye kadi, kisha nawaita wenye sauti zao wasikilize mizani kabla sijabonyeza. Wanasikia mambo nisiyoyasikia. Ni wao walionionyesha kwamba sauti ya chini ya kiitikio, niliyokuwa nimeificha, ndiyo inayomwambia mchezaji lini akanyage.

Kipande kikiharibika katikati, mashine inakuwezesha kurekodi upya kipande hicho tu: unaweka alama pa kuingilia na pa kutokea, unaanza nyuma kidogo, na inarekodi ndani ya alama peke yake. Kwa gitaa na ngoma naitumia bila wasiwasi. Kwa mzee siitumii. Akiupoteza ubeti tunarudia wimbo wote, au tunauacha ulivyo, maana mara nyingine anapopotea ndipo anapotunga.

Kuchanganya sauti mwishoni nafanya usiku, kwa hedifoni, sauti ikiwa chini. Kisha naijaribu pale watu watakapoisikia. Muziki wetu unasikilizwa kwenye simu yenye spika moja, kwenye boda iliyofungwa redio, kwenye kibanda cha chapati. Spika moja inaunganisha kushoto na kulia, na kitu ulichokisukuma pembeni ili kipendeze kwenye hedifoni kinaweza kufifia. Ngoma kubwa kwenye simu haipo kabisa, kwa hiyo nahakikisha mlio wa kijiti au wa kiganja kwenye ngozi unasikika, ili sikio lijue ngoma iko pale. Jirani yangu wa boda ndiye msikilizaji wangu wa kwanza. Akiuliza huu wimbo ni wa nani, kazi imekaribia kuisha. Akinirudishia kadi kimyakimya, narudi mezani.

Mafaili yana uzito wake. Traki moja ya WAV, faili la sauti lisilobanwa, kwa biti 24 na kilohezi 44.1 inachukua karibu MB 8 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika tano wenye traki nane ni zaidi ya MB 300. Kadi ya GB 32 inabeba nyimbo nyingi, na ndiyo sababu watu huiachia kila kitu. Kadi ni kitu kidogo kinachopotea kwenye mfuko wa suruali. Kila nikirudi kutoka kwa mzee, kabla ya kula, nanakili kwenye diski na kwenye flashi inayokaa nyumba ya ndugu yangu upande wa pili wa mji. Nakili traki zenyewe, zote, mojamoja. Wimbo uliokwisha kuchanganywa peke yake hautoshi.

Mwanzo wa kila rekodi, kabla ya makofi, mtu mmoja anataja kwa sauti: jina la wimbo, wanaopiga na kuimba mmoja mmoja, mahali, na tarehe. Ni sekunde chache. Faili litabadilishwa jina, karatasi italiwa na mchwa, lakini sauti hiyo inasafiri ndani ya wimbo. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006, na neno haki jirani linamgusa hasa mpigaji na mwimbaji ambaye hakutunga lakini sauti ni yake. Kwa hiyo tunakubaliana kabla ya kurekodi, mbele ya wote, wimbo utakwenda wapi na kikiingia chochote kitagawanywaje. Mwanzoni wengine waliona ninaleta maneno ya mahakamani. Kiongozi wa kikundi cha akiba akawaeleza kuwa ni daftari kama lile lao, na hakuna aliyebisha tena. Kila aliyeshiriki anapata nakala yake kwenye kadi ya simu.

Faida moja ya traki sikuitarajia kabisa, na siku hizi naona huenda ndiyo kubwa kuliko zote. Mzee ana mjukuu wa miaka kumi na kitu anayetaka kujifunza, na babu anapiga haraka kuliko macho ya mtoto. Nilimwachia mashine mchana mmoja. Akaizima sauti ya mdomo, ngoma, kiitikio, gitaa, akabaki na akogo ya babu peke yake, akairudia sehemu moja ndogo kwa kuweka alama mwanzo na mwisho, ikawa inazunguka. Akapiga nayo. Alipoishika akageuza: akaizima akogo ya babu, akaacha vingine vyote, na akapiga yeye mahali pa babu, huku sauti ya babu ikiimba juu ya vidole vyake. Mzee alikuwa nje anamenya mihogo. Akaingia, akasimama, akasikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kidole cha kushoto kinachelewa kugeuka kwenye ubeti wa tatu. Tangu hapo nikimaliza wimbo natengeneza nakala mbili za ziada kwa ajili ya mtoto, moja ya akogo tupu na moja isiyo na akogo, azisikilize kwenye simu ya mama yake.

Sasa tunasubiri akogo kubwa ya besi. Kisanduku chake kimepasuka ubavuni na fundi seremala amekwisha kuikatia mbao mpya, ila mzee hataki ifungwe kwa misumari, anataka gundi na kamba ya ngozi kama ilivyokuwa. Sauti yake ni ya chini sana, maiki zangu za kuimbia hazitaifikia yote. Nimeazima maiki ya kurekodia ngoma kubwa kwa rafiki wa bendi ya kanisa, na betri nimeshachaji.